Bunduki Imeshuka Ukutani

Nyar Seme,

Nakuandikia kwa mkono. Mashine ya taipu iko ofisini, na hata ingekuwa hapa mezani nisingeigusa kwa barua hii. Mwandiko wangu unaujua. Ulikuwa ukisema unatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Vumilia.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho wewe na mimi. Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni, cha kukuitia Nyar Seme, binti wa Seme, Kinyore chako kilikuwa salamu mbili tu, basi tukajitengenezea Kiswahili chetu cha jikoni ambacho mtu wa pwani angekisikia angetuonea huruma. Tangu uende sijapata mtu wa kuzungumza naye hivyo. Ofisini ni Kiingereza. Hapa Nyamasaria majirani wa ploti wananisalimia, naitika, yanaishia hapo. Kuna siku nzima zinapita, hasa Jumapili kama hii, sijafungua mdomo isipokuwa kanisani.

Ni mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Nilitaka kukuandikia mapema, lakini kulikuwa na jambo halijaisha na sikutaka kukuletea habari nusu. Sasa limeisha, au limefika pale linapoweza kufika. Bunduki ya Milimani imeshuka ukutani.

Nitaanza mbali kidogo. Unisamehe nikikueleza mambo unayoyajua. Nataka yakae yote mahali pamoja, na lile moja ambalo sikukuambia.

Nilikuja kwenye nyumba ile ya Milimani mwaka wa nne baada ya Uhuru. Mzee Wakili alikuwa ameinunua kwa yule Mzungu mpima ardhi aliyerudi kwao, na aliinunua na kila kilichokuwa ndani: viti, mazulia, mbwa mmoja kipofu, na wewe. Ulikuwa ukisema hivyo mwenyewe, kwamba ulihesabiwa pamoja na sufuria. Kwenye chumba cha kusomea kuta zilijaa silaha. Mikuki na ngao zilizookotwa kando ya watu waliokufa, kiboko cha ngozi kilichokuwa cha kambi ya kazi za kulazimishwa, pingu za miguu, bastola mbili, bunduki. Mzee Wakili aliongeza zake, akawa anazinunua kwa Wazungu waliokuwa wakiuza vitu na kuondoka, hadi zikafika kumi na nane. Akaniajiri mimi, karani mpya, nimpigie taipu orodha yake.

Hakuwa mtu mbaya, wala hakuzipenda kwa kupenda damu. Siku ya kwanza alinizungusha chumba kizima, mikono nyuma, akaniambia, "Jerida, hivi ni vielelezo. Mzungu akiondoka navyo ameondoka na ushahidi. Kesho watasema tuliota." Nilimwona mtu mkubwa sana. Nilikaa kwenye mashine nikajiona na mimi nashitaki.

Wewe ulikuwa ukizipangusa tu. Kila Ijumaa, kwa kitambaa na mafuta, tangu wakati wa Mzungu. Hukuwa na maneno nazo. Ulisema zinashika vumbi kuliko vyombo.

Yule Mzungu aliacha daftari lililoeleza kila kitu kilitoka wapi. Siku ile nililichukua nikaja nalo jikoni saa nne, wakati wa chai yetu. Ulikuwa umekaa kwenye stuli na ungo mapajani, unachagua mawe kwenye mchele wa Ahero. Nikakusomea kama mtu anavyosoma gazeti. Nikasema, "Sikiliza, Nyar Seme, namba tisa ni ya kwenu." Nilikuwa natabasamu. Hilo nalikumbuka kila siku, kwamba nilikuwa natabasamu. Nikatafsiri: bunduki ya risasi moja moja, ilitumika ufuoni chini ya Got Olwa asubuhi moja, mwaka wa msafara wa kodi ya nyumba. Mikato kumi na saba kwenye kitako ilikatwa na mwenye bunduki mwenyewe. Hali: nzuri sana.

Ukasema, "Rudia jina la kilima."

Nikarudia. Ukaendelea kuchagua. Ilipita muda ndipo nikaona unatupa mchele na kuyaacha mawe kwenye ungo.

Kisha ukanieleza, taratibu, kama unanieleza njia ya kwenda mahali. Bibi yako aliingia kwenye mafunjo ziwani maji yakimfika shingoni, amemshika mama yako aliyekuwa mtoto wa kunyonya, kiganja mdomoni. Akakaa humo mpaka jua likawa juu ya kichwa. Alipotoka hakukuta nyumba wala ng'ombe. Aliwakuta watu walipoangukia. Yeye na wanawake wengine wawili waliwazika, na kwa maisha yake yote, kila mlipokuwa mkipura wimbi, aliwafundisha majina yao. Ukamaliza, ukanitazama.

"Nimeipangusa miaka kumi na mmoja, Jerida. Kwa mafuta."

Ijumaa iliyofuata ulizipangusa zote ukairuka ile. Mzee Wakili hakuona. Vumbi likaanza kukaa juu yake peke yake, na mimi nikawa nalitazama kila nikiingia na karatasi zangu.

Halafu ikaja ile Jumapili ya wageni. Daktari na mkewe, mwalimu mkuu mmoja, na bwana wa kampuni ya pamba. Mimi niliitwa nilete orodha iliyokamilika, nikabaki nimesimama mlangoni. Mzee Wakili akaishusha namba tisa ipite mikononi kabla ya chakula. Haikuweza kulia, chuma chake cha ndani kilikuwa kimeshatolewa kwa amri ya polisi, lakini bwana wa pamba aliiweka begani akafumba jicho moja akailenga saa ya ukutani. Mke wa daktari akacheka. Mwalimu mkuu akapitisha kidole kwenye kitako, akasema, "Tukisie. Hawa ni swala au ni simba?"

Uliingia na bakuli la wali. Uliliweka mezani vizuri, ukafuta mikono kwenye aproni.

"Mzee, naomba kusema."

"Sema, Turfosa." Yeye alikuita kwa jina la ubatizo.

"Hao si wanyama. Hao ni watu wa kwetu. Wa kwanza ni Odera, alikuwa na nyumba ya juu. Wa pili ni mke wake Achola. Wa tatu ni Obiero, alikuwa akitengeneza mitego ya samaki."

Ukaendelea hadi kumi na moja. Hukupandisha sauti. Bwana wa pamba alikuwa bado ameishika bunduki, hajui aiweke wapi. Akaiweka juu ya kiti, akaona haifai, akaichukua tena. Ulipofika mwisho ukasema wengine sita hukuwajua, bibi yako alikufa kabla hujayashika yote. Kisha ukauliza swali ambalo ninaamini Mzee Wakili hajaulizwa mahakamani hata siku moja. "Unasema hivi ni vielelezo, Mzee. Ni vya kesi gani? Kesi yenyewe iko wapi?"

Alisimama. Akakuomba radhi mbele ya wageni wake, na alikuwa na machozi. Nilijua kwamba kitu kikubwa kimetokea kwenye nyumba ile, na sasa mambo yatakuwa mazuri.

Hayakuwa. Mwezi uliofuata walikuja wageni kutoka Nairobi, na kabla ya chai akakuita kutoka jikoni uwaeleze. Ulieleza. Wakatikisa vichwa, mmoja akaandika kwenye kidaftari, wakakushukuru, wakaomba maziwa zaidi. Mara ya pili walikuwa Wazungu, na Mzee Wakili akawa anatafsiri mstari kwa mstari, akikukumbusha pale ulipoacha kitu. "Waambie habari ya mafunjo, Turfosa. Waambie mama yako alikuwa na umri gani." Mama mmoja akaomba akupige picha karibu na bunduki. Ulisimama. Nimeiona picha hiyo. Mikono yako iko nyuma kama ya mtu aliyekamatwa.

Sasa lile ambalo sikukuambia.

Ulipoitwa mara ya tatu ukakataa, na mimi nikakufuata jikoni kukubembeleza, ulidhani Mzee Wakili amenituma. Hakunituma. Yeye alikuwa amesema, basi, tumwache mama wa watu apumzike. Mimi ndiye niliyemwambia hapana, Mzee, niachie, nitazungumza naye. Na lile wazo la kukuita mbele ya wageni kwa mara ya kwanza lilitoka kwangu pia. Nilikuwa nimempa orodha nikamwambia, namba tisa inahitaji kusikika kwa sauti ya mwenyewe. Niliona fahari, Nyar Seme. Niliona nimefanya kazi nzuri kuliko ya taipu. Nilizoea kusimama mlangoni nikitazama nyuso za wageni zikibadilika, na nilikuwa nangoja zibadilike.

Unakumbuka ulivyonijibu siku ile. Ulikuwa unakatakata vitunguu.

"Ziko ngapi kwenye karatasi yako?"

"Kumi na nane."

"Andika ya kumi na tisa. Mwanamke wa Seme, anasema akiambiwa sema. Hali nzuri sana."

Nikakasirika. Nikakuambia kwamba usipozungumza wewe hakuna atakayezungumza, na watu wako watapotea mara ya pili. Ukaweka kisu chini. "Wewe unapenda nizungumze kwa sababu aliyekuwa kwenye maji si bibi yako. Mimi sikuwaleta wafu wangu hapa waburudishe watu wanaokula."

Jumamosi ile ukaondoka. Ulikwenda Ahero, karibu na nyumbani kwa marehemu mume wako, ukafungua hoteli ya chai na chapati kwa watu wa mashamba ya mpunga. Hatukusemezana karibu miaka miwili. Nilikuwa nikipita barabara ile nikaona mlango wako na moshi, na mara moja nilikuona wewe mwenyewe umeinama unamwaga maji. Sikuteremka.

Kilichonileta kwako unakijua nusu. Mnunuzi wa vitu vya kale alikuja kutoka ng'ambo akazunguka chumba chote bila kusisimka, mpaka Mzee Wakili alipomweleza habari ya namba tisa. Hapo akavaa miwani. Akasema bunduki za aina ile ziko nyingi, lakini yenye majina haipatikani, na kwamba bei yake haiwezi kulingana na nyingine. Alitaka kitu kimoja tu, karatasi iliyopigwa taipu, yenye majina, ifungwe pamoja nayo. Mzee Wakili alikuwa na shida zake wakati huo, wanawe wako vyuoni, na nadhani alijishawishi kwamba ng'ambo ndiko watu wengi zaidi wataona. Akaniletea kazi kama anavyoniletea kazi nyingine yoyote.

Nilipiga Odera. Nilipiga Achola. Nilipiga Obiero, fundi wa mitego. Nilipofika la saba vidole vikakataa. Niliona kwamba kila jina ninalopiga naongeza thamani ya kitu kilichomuua. Nikaitoa karatasi kwenye mashine nikaikunja nikaitia kwenye mkoba, nikamwambia Mzee Wakili naumwa. Kesho yake nikapanda basi la Ahero.

Ilikuwa wakati wa mafuriko. Maji yalikuwa yamevuka barabara, nikavua viatu. Benchi za hoteli yako ulikuwa umeziinua juu ya matofali na wateja wamekaa miguu juu kama watoto. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani. Ulinitazama, ukatazama miguu yangu yenye tope, ukasema, "Umekula?"

Sijawahi kusikia neno zuri kuliko lile.

Nilikuonyesha karatasi nikakueleza habari ya mnunuzi. Nilidhani utalia au utanifukuza. Ulihesabu kwa kidole. Ukasema mikato ni kumi na saba, majina ni kumi na moja, kwa hiyo huyu bwana atakuwa amechukua watu sita ambao hata hatujui amechukua nani. "Kabla hajachukua, twende tukaulize."

Zile Jumamosi tatu za Seme ndizo ninazorudia kichwani ninapokosa usingizi. Basi la Kombewa, wewe dirishani na mkoba wa sukari na sabuni kwa wenyeji. Tulikwenda kwa yule katekista mstaafu aliyekuwa na majina mawili aliyoyasikia kwa baba yake. Tulikwenda kwa yule bibi wa kuvuta tumbaku aliyetufukuza Jumamosi ya kwanza, akasema mambo yale yakizungumzwa huleta magonjwa, na Jumamosi ya pili akatuita mwenyewe akatupa mengine mawili, huku amegeuza uso ukutani. Yakawa kumi na tano.

Na Jumamosi ya tatu, nyumbani kwa mama yako. Yeye mwenyewe, Mama Yunia, yule mtoto wa kwenye mafunjo, sasa hana meno, amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe anasuka kikapu. Ulimuuliza habari ya wawili waliobaki. Akasema mmoja hakuna aliyemjua, wanawake waliomzika walisema alikuwa mpagazi wa msafara wenyewe, alijaribu kutoroka. Wa pili alikuwa mwanamke mgeni. Alikuja na kapu la wimbi kubadilisha kwa samaki, mvua ikamzuia, akalala kwa watu. Hawakujua jina lake, walijua tu alikotoka. Mama yako akanionyesha kwa kidole cha kusukia. "Alikuwa wa kwenu. Wa Bunyore."

Uliitafsiri sentensi ile polepole sana, ingawa nilikuwa nimeielewa. Ungeweza kunikumbusha ulichoniambia jikoni. Ulikuwa na haki. Ulichukua mkono wangu ukauweka mapajani mwako, ukaendelea kuzungumza na mama yako habari ya mbuzi aliyepotea, na mkono hukuuachia mpaka basi lilipokuja.

Siku tulipokwenda kwa Mzee Wakili ulivaa gauni lako la kanisani na ukaingia kwa mlango wa mbele. Ulimwambia mambo matatu. Isiuzwe. Isiwekwe tena begani kwa mtu. Na usiitwe tena na mtu yeyote kusimama kando yake. Ulimwambia, "Kuiweka sijakataa, Mzee. Ukiitupa nayo ni kama unawasaidia. Lakini kuna kuweka, na kuna kucheza nayo." Yeye alisema atafikiri. Nilikuona umekasirika kwa jibu hilo, na nikakuambia njiani kwamba wakili akisema atafikiri huwa anafikiri kweli. Hukuamini. Umekufa hujaamini.

Wiki tatu tu baada ya hapo. Nililetewa habari ofisini kwamba homa imekupanda kichwani na umepelekwa hospitali. Niliomba ruhusa, nikakimbia. Nilipofika, mama mmoja wa kitanda cha jirani akanyoosha mkono kuelekea kitanda kitupu, na shuka lilikuwa tayari limebadilishwa. Nilikuwa nimekununulia machungwa. Nilimwachia yeye.

Tulikuzika kando ya mume wako, na kaburi lilikuwa likijaa maji. Vijana walikuwa wakiyachota kwa ndoo huku mchungaji anasoma. Mama yako hakuweza kusafiri, barabara ilikuwa imekatika. Mzee Wakili alikuja. Alisimama nyuma kabisa, kwenye tope, na viatu vyake vya mahakamani, na alipoombwa aseme neno kama mwajiri wako wa zamani alikataa kwa kutikisa kichwa.

Yule mnunuzi aliandika barua mbili. Nilizifungua mimi. Mzee Wakili alinisomea jibu nilipige taipu, na lilikuwa na mstari mmoja, kwamba kitu hicho hakiuzwi.

Sikudhani angefanya zaidi ya hapo. Lakini mwezi uliopita alinikuta nafunga ofisi akaniuliza kama najua nyumbani kwa mama yako. Jumamosi tukaenda kwa gari lake, wawili tu. Namba tisa ilikuwa kiti cha nyuma, imeviringishwa kwenye blanketi. Alikuwa na karatasi ya ruhusa ya polisi mfukoni na njia nzima aliigusagusa.

Alikuwa ameshaamua, Nyar Seme. Alitaka kuwarudishia. Alipiga magoti mbele ya ile ngozi ya mama yako, mtu mzima wa heshima yake, akaiweka chini akafungua blanketi, akasema kwa Kijaluo kwamba kitu hiki si chake, ni cha watu wa hapa, wafanye nacho wanavyotaka. Ndugu zako walikuwa wamesimama. Mmoja akasema kitupwe ziwani leo hii. Mwingine akasema hapana, kipelekwe shule, watoto wakione. Wakaanza kushindana. Mimi nilitaka kusema nikaona sina ninalojua. Ulimwambia Mzee Wakili isitupwe, lakini hukuniambia ikae wapi, na sikuwa na wa kumuuliza.

Mama yako akanyoosha mkono wakanyamaza. Akavuta kitako karibu, akakipapasa mpaka kidole kikapata mkato wa kwanza. Akaniambia, "Soma."

Nikasoma. Odera. Kidole kikasogea. Achola. Kikasogea. Obiero. Nilisoma majina kumi na tano. Akafika mkato wa kumi na sita akaacha kidole pale, akanitazama, na mimi nikasema, "Mwanamke wa Bunyore." Na wa kumi na saba nikasema, "Mpagazi." Akaitika kila mmoja, kama mtu anayeitikia hodi.

Kisha akaisukuma ile bunduki kwa mguu, taratibu, ikarudi kwa Mzee Wakili.

Akasema haitaki kwake. Ziwani pia haiwezi kwenda, wanakunywa maji yale. Na shule haiwezi kwenda, watoto watacheza nayo vita. Akamwambia, "Wewe uliitafuta, baba, ukailipia, ukaitundika. Hakuna aliyekutuma. Usije ukaniwekea mimi mlangoni halafu ukalala vizuri. Rudi nayo. Lakini ilale chini. Na kila atakayetaka kuiona, kwanza aambiwe watu."

Mzee Wakili alikuwa bado amepiga magoti. Ndugu yako mkubwa akamsaidia kuinuka. Tukarudi Kisumu. Kwenye daraja la mwisho ndipo akaniambia, "Nilidhani kurudisha ndiko kugumu."

Hivi ndivyo mambo yalivyo sasa. Kuta za kile chumba ni tupu. Vitu vyote kumi na nane ameviteremsha. Namba tisa iko kwenye sanduku refu la mbao, chini, na juu ya kifuniko kuna majina kumi na tano na mistari miwili ya wale wasio na majina. Mgeni akiuliza, husomewa kwanza. Mzee Wakili husoma mwenyewe, polepole, na hakuna chakula wala chai wakati huo. Bwana mmoja juzi alitazama saa mara mbili, akasema angependa kuona kitu chenyewe tu. Hakufunguliwa. Wengi wakishasomewa hawaombi tena kufunguliwa. Sijui kama hivyo ni sawa. Vitu vingine kumi na saba navyo vina watu wao, na sisi hatuwajui, na hilo linanisumbua kuliko unavyofikiri. Ningependa kubishana na wewe juu yake. Najaribu kubishana nawe kichwani lakini nakupa maneno yangu mwenyewe, na kila mara nashinda, na kushinda huko hakuna ladha.

Nimekwenda kwetu mara mbili. Nimeuliza kwa wazee wa kina mama kama kuna aliyewahi kusikia habari ya mwanamke aliyekwenda ziwani na kapu la wimbi asirudi. Wananiuliza, mwaka gani, wa ukoo gani, sina jibu. Shangazi yangu alisema wanawake wengi walikwenda na hawakurudi, wengine waliolewa huko. Nimekuwa nikifikiri kwamba labda watu wake walidhani ameolewa. Labda walikasirika wakaacha kumtaja.

Nisamehe kwa lile la jikoni, na kwa lile la mlangoni. Nisamehe kwa miaka miwili niliyopita barabarani nikaona moshi wako nikakaa kwenye basi.

Sitaacha kuuliza. Nitauliza nyumba kwa nyumba, mpaka Luanda ya kwetu, mpaka Maseno, na nikipata jina lake nitalipeleka kwa mama yako kwanza kabla sijaliandika popote. Hilo nakuahidi. Na wewe sitakutaja kwa wageni. Wakiniuliza majina haya yalitoka wapi nitawaambia yalitoka Seme, basi.

Jumamosi naenda tena. Mama yako hanielewi vizuri wala mimi simwelewi yote, na hatuna tena mtu wa kutafsiri kati yetu, lakini ameanza kunifundisha kusuka. Amesema safari hii nisikimbilie basi la jioni, nilale. Lala salama na wewe, Nyar Seme.

Ni mimi,
Jerida